Kayaki ya Muguu Mumoja

Watu wa Keshero, hapa Goma, hupenda kusema Bulonza alipoteza muguu. Uongo mutupu. Muguu haupotei kama ufunguo. Muguu wa Bulonza, ule wa kushoto, ulikatwa juu ya goti siku ya pili baada ya mifuko ya makala kuuponda, na mifuko yenyewe ilikuwa ya shemeji yake Cikuru. Kila mutu kwenye parsele ya Cikuru, pale uani kwake, anajua hivyo, ila hakuna anayefungua kinywa.

Kabla ya hapo Bulonza alisukuma chukudu miaka kumi na tano. Asiyeijua chukudu aende asimame asubuhi kwenye barabara ya Rutshuru. Ataona vile vyombo vya mbao vyenye magurudumu mawili ya muti vikishuka kutoka Kibumba na viazi, vitunguu, makala, na mwenyewe amepiga goti juu ya muzigo, upepo unamuchapa usoni. Braki yake ni kipande cha mupira wa gari kule nyuma, unakikanyaga kwa muguu. Siku ile Bulonza alisema mifuko saba inatosha. Cikuru, aliyekuwa amepanda na moto yake, ile pikipiki, kuja kujichagulia makala ya nyumbani, akasema tisa, yeye si mutu wa kurudi Kibumba kila wiki. Haya, umeoa dada yake mutu, utamukatalia nini? Wakapakia tisa. Kwenye muteremuko wa Kibati ule mupira uliungua hadi ukanuka, na chukudu ikamulalia.

Cikuru alikuwa karani kwenye ofisi moja ya bandarini. Shati jeupe, kalamu mbili mufukoni, viatu vinang'aa hata siku ambazo Goma yote ni matope meusi. Baada ya hospitali alimuchukua Bulonza, na Joviale muke wake, na mabinti wao wawili, akawapa chumba cha nyuma kwenye parsele yake. Watu wakamusifu. Padri akamutaja kanisani. Na tangu siku hiyo Cikuru akaanza kumuchukia Bulonza kwa moyo wake wote, kwa sababu mutu uliyemuumiza, ukimuona kila asubuhi ananawa uso mbele ya mulango wako, ama utamuomba musamaha ama utamuchukia. Na kuomba musamaha hakukuwa kwenye damu ya Cikuru.

Wazee walisema mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe. Cikuru hakumupa jembe, maana jembe lina heshima yake. Alimupa maneno. Kuku akipikwa siku ya Mungu, Jumapili, Cikuru alichagua paja kwa mukono wake mwenyewe, akaliweka kwenye sahani ya Bulonza mbele ya watoto, akasema muguu apewe mwenye kuuhitaji. Bonane ya mwaka juzi, sikukuu ya mwaka mupya, akamuletea zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya rangi. Ndani kulikuwa na kiatu. Kimoja tu, kipya, cha ngozi nyeusi, cha muguu wa kushoto. Wageni walicheka hadi mumoja akamwaga bia yake. Joviale naye alicheka. Alijiziba kinywa na kitambaa, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika, na Bulonza aliyaona. Alikichukua kile kiatu, akashukuru, akakiweka chini ya kitanda. Kuna matusi ambayo mutu huyatunza vizuri kuliko pesa.

Joviale hakuwa mwanamuke mubaya. Alichoka, ndiyo hivyo tu. Alikuwa akiuza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa Kivu, na kila asubuhi alizinunua ghali ufukoni kwa wanawake wenzake ambao waume zao walitoka na piroge, mitumbwi yao, kwenda kuwapokea wavuvi mbali, kabla hawajafika inchi kavu. Mwenye mume majini alinunua wa kwanza. Mwenye mume kitandani alinunua mabaki. Mwezi wa pili akamuambia Bulonza, bila kupandisha sauti, kwamba kaka yake amemutafutia chumba na kazi Bukavu, kwenye duka la binamu yao, yeye na watoto. Jina la Bulonza halikutajwa kwenye hicho chumba. Alisema atangoja hadi masomo yafungwe mwezi wa saba. Kama siku hiyo Bulonza bado ni mutu wa kuletewa sahani, yeye ataenda.

Bulonza alichukua bekiye zake, yale magongo mawili ya kwapani, akatoka, akatembea hadi ziwani kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kwenda. Na pale, mbele ya hoteli moja, akaona mugeni akipita juu ya maji ndani ya chombo chembamba kama ganda la maharagi. Kiuno kwenda chini kilikuwa kimefichwa ndani. Mikono tu ndiyo ilifanya kazi, na kasia lenye bapa huku na huku, kushoto, kuume, kushoto, kuume. Kayaki. Bulonza alisimama hadi jua likamuchoma shingo. Mugeni alipotoka, lo, alikuwa na miguu miwili kama watu wote, na Bulonza akamukasirikia kabisa, utafikiri amemuibia. Lakini akili ilikuwa imeshashika. Ndani ya kile chombo, nani atahesabu miguu? Mikono alikuwa nayo. Miaka kumi na tano ya chukudu na miwili ya bekiye ilikuwa imemupa mikono ya kubeba nyumba.

Alikwenda kwa muzee Musafiri. Huyo ni fundi wa piroge na chukudu, mutu wa Maniema kwa baba na kwa babu, ana kibanda chake pale wavuvi wanapofikia. Ndiye aliyechonga ile chukudu iliyomuponda Bulonza, na labda ndiyo sababu yeye peke yake hakucheka aliposikia habari ya kayaki. Alimuuliza tu ana kilo ngapi.

Wakaanza na njia ya kujenga, na hapo palitupwa mengi. Gogo la kuchimba lilikataliwa kwanza. Miti ya ukubwa huo iko ndani ya hifadhi, na anayeingia mule na shoka atakutana na walinzi wa Rumangabo. Hata ukilipata, gogo ni zito, Bulonza atalibeba na nini, na meno? Mbao za kupigilia misumari kama piroge ya kawaida, hizo zinataka wanaume wanne wa kukisukuma chombo majini kila asubuhi, na Bulonza hakuwa na hata mumoja. Halafu kuna fito za kufunga kama mbavu na kuzifunika kwa bashi, yale maturubai ya misaada ambayo nusu ya muji huu imelala chini yake. Nyepesi, rahisi, Bulonza akaipenda palepale. Muzee akachukua kipande cha bashi, akakipitisha mara moja juu ya jiwe la volkano kwenye ukingo. Kikapasuka.

"Ziwa yetu iko na meno," muzee akasema, akakitupa.

Ikabaki triplex, zile bamba nyembamba za mbao za kubandikwa. Unazikata, unatoboa matundu pembeni, unazishona kwa waya kama mushonaji anavyounga koti, kisha unajaza mishono kwa unga wa mbao uliochanganywa na rezini, ile dawa nzito ya mafundi wa karoseri inayoziba mbavu za basi na kuganda kuwa jiwe. Chombo kizima kisingezidi kilo ishirini na tano. Bulonza angekifunga kamba kiunoni akakiburuta peke yake hadi majini. Muzee alikuwa na waya. Rezini angeomba kwa rafiki yake wa garage. Triplex ndiyo hawakuwa nayo.

Nani akaitoa? Cikuru, nani tena. Ofisini kwake walikuwa wamebomoa ukuta wa ndani, bamba tano nzima zikabaki. Alizileta siku ya Mungu baada ya misa, juu ya kichwa cha mubebaji, wageni wakiwa wamekaa uani, ili kila mutu aone mukono unaotoa. Wageni walipiga makofi. Naye, ukarimu ukiwa bado unanukia, akaongeza neno lake.

"Mbao ni ile ile, shemeji. Ikikushinda mu mayi, tutakuzika ndani yake."

Bulonza alishukuru. Alikuwa amejifunza kushukuru haraka, kama mutu anayemeza dawa chungu. Lakini usiku muzima aliwaza jambo moja: kila kitu kwenye parsele ile mwisho wake kilikuwa mukononi mwa Cikuru. Chumba, chakula, watoto ambao walikuwa wakimuita mujomba wao papa mukubwa na kumukimbilia yeye kwanza, hata kicheko cha Joviale. Mwenye mbao atasema mbao ni zangu. Leo hapana, kesho hapana, siku chombo kikianza kuleta samaki ndiyo.

Kwenye tumbo la chombo muzee Musafiri alikuwa mukali. Alichonga vitumbwi vitatu vya urefu wa kiganja, akavitia kwenye beseni la kufulia la muke wake, kila kimoja na kokoto ndani. Cha kwanza kilikuwa bapa chini kama sahani. Maji yakitulia, kilisimama vizuri hadi Bulonza akasema hiki hiki. Muzee akasukuma maji kwa mukono. Kile bapa kikafuata wimbi, kikalala nalo, kikatema kokoto. Cha pili kilikuwa muviringo, kinateleza vizuri ajabu, lakini kilijigeuza kama mugonjwa kitandani, na tena triplex hukunjwa upande mumoja tu, ukiilazimisha muviringo inavunjika. Cha tatu kilikuwa na ncha ndogo katikati, halafu mukunjo, halafu mukunjo mwingine, hadi juu. Hicho ukikisukuma kinalala kidogo, kisha kinakataa kulala zaidi. Wakachagua hicho. Urefu mita nne na nusu, upana sentimita sitini. Pana zaidi utachoka, muzee alisema, nyembamba zaidi utakufa.

Kisha muzee akamukalisha Bulonza ndani ya kipiroge kizee pale ukingoni ili aone. Kikalalia kuume. Mutu hajui muguu una uzito gani hadi uondoke. Basi muzee akaokota jiwe jeusi la volkano, zito, akasema watalichonga lilingane na kile kilichokatwa, watalifunga ndani upande wa kushoto, mambo yaishe. Bulonza akalisukuma lile jiwe kando.

"Na kama tumbo yenyewe iko nene ku kuume?" akauliza.

"Itakuwa yako peke yako," muzee akajibu. "Mutu wa miguu mbili akiingia, itamuangusha kushoto. Jiwe, mutu anaweza kuitoa. Tumbo, hapana."

"Ndiyo nataka."

Muzee alimutazama kama anayetazama mbao yenye ufa asioweza kuuona. Lakini fundi ni fundi, ukimupa kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya, ubishi wake ni wa dakika mbili. Wakachora upande wa kuume umejaa, upande wa kushoto umekonda. Hata ndani, upande wa kushoto hawakuacha nafasi ya muguu, ya nini? Waliweka ubao uliofunikwa na kipande cha godoro, ambapo kile kipande cha paja kingejisukumia kila anapovuta kasia. Ange, binti mudogo, alikuja siku moja na sahani ya baba yake, akachungulia lile tundu moja la kukalia, akauliza wao watakaa wapi. Bulonza akamuambia hakuna nafasi. Alilisema kwa furaha, na mutoto akarudi nyumbani.

Walishona wiki nne. Bulonza alikaa chini, bamba zimelazwa juu ya paja lake, akipitisha waya na kuukaza kwa koleo hadi vidole vikapasuka. Alipaka rezini, akapiga musasa, akapaka tena. Hakuna mushono hata mumoja uliovuja. Walipokiweka majini kitupu, kimefungwa kamba, kililala kidogo kushoto kama mutu anayesikiliza. Hivyo ndivyo kilivyotakiwa kuwa. Kikamungoja mwenyewe akikalie kinyooke.

Lakini kulikuwa na desturi. Kwenye ule ufuko mwenye mbao ndiye anayekaa kwanza ndani ya chombo kipya, kabla ya mwenye chombo. Anakaa, anavuta kasia mara tatu, anatoka, na akishatoka hawezi tena kusema mbao zangu. Chombo kimekombolewa. Muzee Musafiri hakuwa tayari kuivunja desturi hiyo kwa ajili ya mutu yeyote. Akapanga iwe siku ya posho, Jumamosi, asubuhi, naye awepo.

"Umuambie shemeji yako akae ikiwa juu ya muchanga tu, na sisi tumeishika," akasema. "Asiingie nayo mu mayi. Umuambie wewe mwenyewe. Mimi nikimuambia, atasema muzee anaringa."

Bulonza akasema atamuambia. Na alikusudia kumuambia, hilo tumupe. Siku tatu alilibeba neno lile kinywani, na kila alipotaka kulitoa Cikuru alikuwa na muzaha wake mwingine.

Siku ya tano, yaani Ijumaa, saa saba ya muchana, muzee akiwa musikitini, Cikuru akafika ufukoni. Alikuja na makarani wenzake wawili na simu ya kupigia picha, na Joviale nyuma yao, maana alikuwa amemuita aje aone. Akaizunguka kayaki, akaipiga kofi ubavuni kama mununuzi wa ng'ombe. Akawaambia wenzake kwamba kazi imekamilika kama alivyoagiza. Kama alivyoagiza! Akasema ameshaongea na watu wa hoteli, wageni watalipa kwa saa. Habari ya sambaza hakuitaja. Bulonza alikuwa amekaa juu ya jiwe, bekiye zimelazwa kando, na pale pale akaelewa kwamba mwezi wa saba ulikuwa umefika mapema.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe utalinda viatu vyao," Cikuru akasema. "Kimoja uko nacho tayari."

Makarani walicheka. Joviale safari hii hakucheka. Cikuru akavua viatu vyake vinavyong'aa, akamupokeza dada yake, akakunja suruali. Joviale, viatu mukononi, akamukaribia Bulonza. Alikuwa anamujua kaka yake, hajui kuogelea, wala maji ya kuoga hayapendi yakizidi ndoo. Akainama karibu na sikio la mume wake.

"Iko sawa? Anaweza kuingia?"

Hapa ndipo. Neno lilikuwa kinywani tangu siku tatu, lilitaka tu kutemwa. Bulonza alitazama viatu mukononi mwa muke wake.

"Iko sawa," akasema.

Alitaka nini? Alitaka lile shati jeupe lilowe. Alitaka zile kalamu mbili zielee. Alitaka makarani wamucheke Cikuru, na picha ibaki kwenye simu, na kila bonane watu waitoe waitazame. Hayo ndiyo aliyotaka, na mutu asiyewahi kulishwa paja la kuku kwa muzaha asimunyooshee kidole upesi.

Cikuru akaingia. Muguu wa kuume ukapata nafasi yake. Wa kushoto ukakutana na ubao. Akalalamika kwamba fundi ni mupumbavu, akaukunja muguu, akaukalia. Makarani wakamusukuma. Ufuko ule ni jiwe la volkano, hatua mbili maji ni ya magoti, ya tatu hakuna chini. Alivuta kasia mara moja. Kayaki ikalala kushoto, ikakataa kulala zaidi, kama ilivyofundishwa. Akavuta mara ya pili, akageuza kichwa ili picha imupate vizuri. Na tumbo likageuka juu.

Karani mumoja alicheka. Wa pili naye, simu bado juu. Hata Bulonza alicheka, kicheko kidogo cha puani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona lile tumbo likiwa wazi juu ya maji. Ncha iliyonyooka kutoka kichwa hadi mukia, mikunjo, mishono, upande munene na upande mwembamba, vyote viking'aa juani, wala hakuna tone lililokuwa likiingia. Akasikia furaha. Mungu amusamehe, kwa muda wa pumzi tano sita yule mutu alifurahia kazi ya mikono yake. Kisha akasikia mugongo wa kayaki ukigongwa kutoka chini. Ngo, ngo, ngo. Kama mutu yuko mulangoni anaomba kufunguliwa.

Wa kwanza kupiga yowe alikuwa Joviale. Makarani walisimama ukingoni, maji ya vifundoni, hakuna hata mumoja aliyejua kuogelea. Bulonza alijitupa kutoka kwenye jiwe, akatambaa, akaingia. Kuogelea alijua tangu utoto wake Bukavu, na mikono tumeisema. Alifika, akapiga mbizi, akavuta. Ule muguu uliokaliwa ulikuwa umebana kati ya kiti na ubao wa godoro, na kila alivyovuta ndivyo ulivyobana. Alipoutoa, kugonga kulikuwa kumeisha zamani. Alimuleta shemeji yake inchi kavu kwa mukono mumoja. Makarani wakamupigapiga mugongoni, wakamugeuza, wakamupigapiga tena. Shati lilikuwa limelowa kabisa.

Kilio kilikaa siku tatu uani. Watu walimiminika, na kila aliyeingia alimushika Bulonza mukono kwanza. Kilema huyu, walisema, muguu mumoja, na amejitupa majini kwa ajili ya shemeji yake. Padri akamutaja kanisani, kama alivyomutaja marehemu zamani. Bulonza aliinamisha kichwa, watu wakaona ni unyenyekevu. Wakati huo wote Joviale alikaa kwenye mukeka na wanawake, na viatu vya kaka yake viko ndani ya mufuko wa plastiki kando yake.

Siku ya tatu muzee Musafiri alikuja kutoa pole. Alikaa karibu na Joviale, akasoma dua yake kimya, kisha akatikisa kichwa kwa uchungu. Akasema kazi ya Mungu haina makosa, lakini yeye haelewi, kwa nini marehemu alikaidi? Alikuwa amemutuma Bulonza amuambie asiingie nayo majini, kwamba itamuangusha mutu wa miguu miwili. Muzee alisema hivyo kwa moyo safi. Alifikiri anamufariji.

Joviale alimaliza kilio kama inavyotakiwa. Alipika, akaosha sahani, akawasindikiza wageni wa mwisho hadi mulangoni. Kisha akaja chumba cha nyuma ambako Bulonza alikuwa amekaa kitandani. Hakukaa.

"Nilikuuliza," akasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

Angeweza kusema alisahau. Muji muzima ulikuwa tayari kumushuhudia. Lakini alikuwa amechoka kushukuru na kuinamisha kichwa, na huyu alikuwa muke wake.

"Nilikuwa najua."

Joviale alifungua ule mufuko wa plastiki, akatoa kiatu cha kaka yake, kile cha kuume, akakiweka juu ya paja la Bulonza.

"Shika. Ya kushoto uko nayo."

Walipanda boti ya Bukavu siku ya tatu iliyofuata, Jumatano, yeye na mabinti, wiki tatu kabla masomo hayajafungwa. Ange alilia kwa sababu ya mitihani.

Bulonza anaishi sasa kwenye kibanda cha muzee Musafiri, ingawa muzee hasemi naye zaidi ya salamu. Kayaki iko palepale ukingoni. Ikiwa tupu inalala kushoto, na akiingia yeye inanyooka, na hakuna piroge inayoifikia. Kila alfajiri ndiye wa kwanza kufika kwa wavuvi, anachagua sambaza nzuri, anarudi kabla waume za wale wanawake hawajafika nusu ya njia. Maji kidogo yakirukia ndani anayachota kwa kile kiatu cha bonane, kinachota vizuri. Wanawake wanamungoja na mabeseni, wananunua zote, na yuko mumoja ambaye hakosi kumuuliza mama Ange anarudi lini. Anajibu kwamba atarudi masomo yakifungwa. Yalifungwa mwaka jana.